Grégoire Cirhuza na Jozi ya Stempu Iliyokatwa

Huyu tunayemzika leo alizaliwa Kabare tarehe 9 Mei 1926, mtoto wa tatu wa mzee Honoré na mama Nsimire. Alisoma kwenye shule ya misheni, na mwandiko wake ulikuwa mzuri hata walimu wakampa barua zao awaandikie.

Mwaka 1947 aliajiriwa posta hapa Ibanda, akakaa dirishani miaka thelathini na minne. Mwaka 1972, serikali ilipoondoa majina ya ubatizo kwenye karatasi zote, kazini alibaki Cirhuza tu. Nyumbani hakuna aliyejali. Tarehe 14 Julai 1951 alikuwa amemwoa Domitille Cibalonza, fundi wa kushona, wakabarikiwa watoto watano.

Alipenda stempu za zamani mpaka basi, hasa zilizotoka mtamboni na kasoro. Mwaka 1974 rafiki yake, Mwalimu Emile, alimwazima jozi ya stempu za Uruguay za mwaka 1858, mbili zilizoshikana, zenye jua lenye uso. Moja ilichapwa kichwa chini karibu na mwenzake, na kasoro hiyo ndiyo iliyozifanya ziwe adimu. Wiki ile ile zikakatwa kwa mkasi.

“Ni miye nilikataka, mwalimu. Unisamehe,” Grégoire alimwambia Emile. Chama cha wakusanya stempu kilimwondoa kwenye ukatibu. Mtu aliyesifika mji mzima kwa uangalifu akaitwa Papa Mukasi, kwa miaka tisa. Tulimtania sote. Hata Maman Domitille alicheka, bila kujua jina lilitoka wapi.

Moyo ulianza kumsumbua Januari mwaka huu wa 1983. Tarehe 3 Agosti Mwalimu Emile alimfuata hospitalini, akasema, “Grégoire, ile mukasi yako nimeisamehe.”

“Mukasi gani?” akauliza Maman. Emile akamweleza.

“Yesu wangu! Ni miye! Niliona moya iko kichwa chini, nikasema ngoja nitengeneze, zote ziangalie juu. Na yeye aliniambia asante!”

Papa Grégoire alitabasamu. “Alikuwa na furaha sana, mwalimu. Ningemwambia nini?”

Alifariki Jumamosi tarehe 6 Agosti, saa nne asubuhi, Maman akiwa amemshika mkono.

Baadhi yetu tulitaka jambo hili libaki nyumbani. Maman alikataa katakata. Alitaka lichapwe kwenye kijitabu hiki cha mazishi, ili hata asiyefika leo alisome: mume wake hakukata kitu.

Marehemu ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, mdogo wake Cyprien anayewasomea haya, na Mwalimu Emile, ambaye Maman amemketisha kwenye benchi la familia. Lile jina la Mukasi, Maman anaomba kuanzia leo tumwite yeye.

Papa Grégoire, pumzika sasa. Umelibeba vya kutosha.