Mstari Mweusi Kwenye Ukingo wa Nywele

"Huu weusi umetoka wapi, na hakuna aliyeuweka?" Ndugu waombolezaji, swali hili marehemu mama yetu aliliuliza kwenye kikao cha kazini tarehe 11 Juni 2003, saa nne asubuhi, akiwa amenibeba mgongoni kwa kuwa yaya alikuwa mgonjwa, na mwandishi wa kikao akaandika kwenye daftari, chini ya mengineyo, kwamba swali halikujibiwa. Mimi ni kitindamimba wake, familia imenituma nisome historia yake, na kaka ameniomba sana nisigeuze msiba kuwa mdahalo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu kati ya watano, akamaliza shule ya msingi mwaka 1979 na sekondari mwaka 1983, ambako walimu walichoka kuulizwa kabla yeye hajachoka kuuliza, akasomea uchoraji na uchapaji, na tarehe 2 Mei 1990 akaajiriwa na kampuni ya programu za picha, kazi yake ikiwa kuzijaribu kabla hazijauzwa. Tarehe 18 Septemba 1993 alifunga ndoa na baba yetu, fundi rangi wa majumba, wakajaliwa watoto wawili, kaka mwaka 1995, nami mwaka 2002.

Sasa, huo weusi. Programu yao ilimkata mtu kutoka picha moja ikamweka kwenye nyingine, lakini picha ikipunguzwa ukubwa, nywele zake zilizungukwa na mstari mwembamba mweusi, kama aliyechorwa kwa masizi, na desturi ya ofisi ilikuwa kuukwangua mstari pamoja na nywele zenyewe, kazi waliyoiita kunyoa. Wateja wakanyolewa, maharusi wakapoteza shela, mama akagoma kunyoa. Mkuu wake, ambaye yuko nasi hapa na tunamshukuru kwa kufika, alimjibu mbele ya wenzake: "Mama, hayo ni macho yako, nenda kapime." Akaenda, akapima, akarudi na cheti cha daktari kwamba macho ni mazima, akakibandika juu ya kompyuta yake, na wiki hiyohiyo akahamishiwa stoo ya karatasi, akakaa huko miezi kumi na minne. Ndipo mkamwita Mama Ukingo, na mliomwita hivyo mnajijua.

Hakununa, alikuwa na hamu ya kujua. Nyumbani aligundua kwamba kila nukta ya picha hubeba vitu viwili, rangi yake na kiasi chake cha kuonekana, na kwamba hata nukta iliyofichwa kabisa bado ina rangi ndani, mara nyingi nyeusi. Akazipaka zile zilizofichwa rangi ya waridi, akaipunguza picha, mstari nao ukatoka wa waridi, na kaka anakumbuka alivyocheka mpaka chai ikapoa. Programu ilipochanganya nukta jirani ili kupunguza picha, ilimhesabu asiyeonekana sawasawa na anayeonekana. Dawa ilitoka kwa baba, aliyesema huku akikoroga rangi, bila hata kugeuka, kwamba kopo tupu halichangii kitu, liandikwe nyeusi, liandikwe nini. Basi mama akazidisha rangi ya kila nukta kwa kiasi chake cha kuonekana kabla ya kuchanganya, weusi ukaondoka, nywele zikabaki. Baadaye alisoma kwamba wataalamu wa mbali walishalijua jambo hilo, akafurahi kupata wenzake.

Toleo jipya lilitoka tarehe 5 Oktoba 2004 likiwa na dawa hiyo aliyoipeleka ofisini, bila jina lake popote. Alirudishwa kwenye picha, akafundisha wengi, akastaafu mwaka 2021.

Januari 2022 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, huku akiwauliza wauguzi kwa nini ukingo wa chupa ya maji una rangi za upinde wa mvua, hadi tarehe 3 Agosti 2023, saa nane mchana, alipotutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake, na majirani, hasa yule ambaye bega lake linaonekana kwenye picha hii hapa mbele, maana marehemu aliagiza picha yake isikatwe.

Mama, pumzika kwa amani, swali tumelipokea sisi. Nawe mkuu wake, tumeambiwa lile daftari la vikao bado limo kabatini kwako. Tunakuomba ulifungue ukurasa wa tarehe 11 Juni 2003, chini ya swali uandike jibu, na mbele ya jibu uandike jina la aliyelileta.