Doreen Haugland na Barabara ya Mashamba ya Lindal

Ijumaa tarehe 30 Mei 2025, Bi. Doreen Haugland anastaafu baada ya kuitumikia Halmashauri ya Mji wa Lindal, Minnesota, kwa miaka thelathini na mmoja, yote akiwa Afisa wa Matumizi ya Ardhi. Kwa asiyeijua kazi hiyo: ni yeye anayekwambia kwamba banda lako la kuku limeingia kwa jirani.

Doreen alianza kazi mwaka 1994, akitokea shamba la wazazi wake nje kidogo ya mji. Wiki ya kwanza aliupima uzio wa meya na kukuta umepita mpaka. Meya alidhani ni utani. Jumatatu iliyofuata uzio ulikuwa umesogezwa, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwomba Doreen afumbe macho. Haikuwa ukali. Angekukatalia kibali huku akikumiminia kahawa, kisha akae nawe mpaka mpate njia nyingine.

Lakini tukimzungumzia Doreen, hatuwezi kuacha habari ya hekalu.

Mwaka 2009, familia za Kilao, zenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, wengi wao wafanyakazi wa kiwanda cha nyama ya bata mzinga, zilinunua shamba la zamani kwenye barabara ya mashamba ili zijenge hekalu la Kibudha. Jirani yao wa karibu alikuwa Arvid, kaka yake Doreen, na Arvid ndiye aliyeongoza upinzani. Alisema magari yatakuwa mengi, na eneo lile ni la kilimo. Ripoti ya kwanza ya Doreen ilikubaliana naye: kibali kisitolewe.

Siku chache kabla ya kikao cha kuamua ombi hilo alikwenda kuliona shamba tena. Aliyempokea ni Bounmy Sisavath, msemaji wa zile familia, mtu mpole anayependa kuuliza.

“Bi. Doreen, ule ukumbi wa klabu ya wawindaji ng'ambo ya barabara, Jumamosi hujaa magari kweli kweli. Nao waliambiwa eneo hili ni la kilimo?”

“Hapana,” Doreen alijibu. “Kile kibali nilikipitisha mimi.”

“Basi sisi tumepungukiwa nini?”

Sheria ya nchi iko wazi: halmashauri haiwezi kuiwekea nyumba ya ibada masharti magumu kuliko inayowawekea watu wengine wanaokusanyika. Doreen aliifahamu sheria hiyo vizuri. Alichokuwa hajafanya ni kuitazama ripoti yake mwenyewe kwa jicho hilo.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa michezo wa shule kwa sababu watu walikuwa wengi. Doreen alisimama mbele ya mji mzima.

“Naomba kuondoa pendekezo langu,” alisema. “Nilikosea. Tuliwapa wawindaji, hatuna sababu ya kuwanyima hawa.”

Minong'ono ikazuka. Mwenyekiti, Glenn Roske, alimtazama juu ya miwani. “Doreen, shamba la jirani ni la kaka yako. Unalikumbuka hilo?”

“Nalikumbuka, Glenn. Nilizaliwa pale.”

Arvid akainuka kwenye viti vya nyuma. “Kwani wewe ni dada yangu au ni mtu wa serikali?”

“Mpaka kikao kiishe, ni mtu wa serikali. Kikiisha, nitakuwa dada yako, kama bado unanitaka.”

Arvid alichukua kofia yake akatoka. Kibali kilipita kwa tofauti ya kura moja.

Chakula cha Jumapili ambacho Doreen alizoea kula kwa Arvid kikakoma. Kanisani kaka na dada walikaa pande mbili. Sisi wa ofisini tulijua, kwa sababu siku za Jumatatu Doreen alikuwa na ukimya ambao hatukuuzoea. Hata hivyo hakujuta, na hakumsema vibaya kaka yake hata mara moja.

Majira ya pili ya baridi baada ya hekalu kufunguliwa na watawa wa Kibudha kuhamia humo, simu iliita ofisini. Alikuwa Arvid.

“Doreen, wale watawa wako wanasukuma theluji kuelekea upepo unakotoka. Wakimaliza, inarudi yote. Wanaanza upya. Mimi siwezi kuendelea kulitazama jambo lile.”

“Sasa unataka niwaandikie barua?”

“Nataka uniambie jina la yule mkubwa wao. Siwezi kuingia na trekta kwa watu bila kujua jina la mwenye nyumba.”

Doreen alimtajia, akakata simu, akajifungia ofisini mwake. Alipotoka macho yalikuwa mekundu na uso unacheka.

Arvid anawasafishia njia mpaka leo. Mwaka Mpya wa Kilao huja Aprili, na watu wa hekalu hummwagia maji mabegani kumtakia baraka, naye hula saladi ya papai bichi yenye pilipili huku machozi yakimtoka na akikana kwamba inawasha.

Baadaye Doreen aliandika upya kanuni zetu: makanisa, mahekalu, misikiti na vilabu vyote viko chini ya kifungu kimoja. Wa kwanza kukikimbilia walikuwa Walutheri wenzake, majirani walipolalamikia supu wanayowagawia wasio na makazi.

Mrithi wake, Mai Vang, ameshaanza kazi. Ombi la kwanza alilopokea lilikuwa la nyumba ya kioo ya kupandia nyanya. Akalikataa, kwa kuwa ilikaribia mno mpaka. Mwombaji alikuwa Doreen, ambaye alicheka mpaka akashika meza, kisha akaenda kuchora upya.

Doreen, asante kwa kutusahihisha, na kwa kukubali kujisahihisha. Nenda ukapumzike kwa furaha na afya njema, nyanya ziive, na Jumapili kwa Arvid kiti chako kisikose mwenyewe.