Mtarakwa wa Mke wa Fundi

Benchi la kijiwe limeegemea ua wa Fundi Cherehani, kwa hiyo siri za nyumba yake hupitia kwenye birika la kahawa kabla hazijamfikia mwenyewe. Jioni ile Fundi alikuwa anakunywa bila kusikia ladha. Ndani ya ua, mtarakwa aliouchagua mkewe, kichaka kifupi chenye majani kama sindano, ulikuwa umegeuka kahawia. Mkewe alikuwa kwao akimuuguza mama yake, na jioni hiyohiyo alikuwa anarudi. "Waridi linanyauka upesi," alisema siku waliyoupanda. "Mimi nataka kitu kitakachobaki kijani hata tukizeeka."

— Huo unataka kunyolewa tu, alisema Kinyozi. Nipe mkasi niupunguze pembeni, juu niuachie kidogo.

— Wewe kila kitu kwako kichwa! alidakia Spika, fundi redio mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Shida ni mawimbi. Ona ungo wa jirani ulivyoelekea. Mti unapigwa na taarifa za habari mchana kutwa, utaacha kukauka?

— Nyamazeni, alisema Mstaafu, ambaye husoma hata gazeti lililofungia sabuni. Mitarakwa ina dume na jike. Huyu ni dume, hana mwenzake. Ni upweke huo.

— Hata mimi sina mke, mbona sijakauka? aliuliza Kinyozi.

— Una kioo dukani, kajiangalie, alijibu Mstaafu.

Wakacheka. Fundi hakucheka.

— Jamani, mwenye mti yuko njiani! Nifanyeje?

— Uimbie, alisema Mstaafu. Wimbo wa mapenzi, taratibu.

Mtu akibanwa hachagui. Fundi akaingia uani, akakohoa, akaanza kuimba. Alikuwa anapandisha sauti geti lilipolia.

— Hamjambo, shemeji zangu, alisema mkewe, mkoba begani. Mume wangu, unamwimbia nani?

Hakungoja jibu. Alichuchumaa, akachomeka kidole udongoni, kikatoka na tope.

— Nani anaumwagilia huu mti?

— Mimi! Kila asubuhi, sijakosa hata siku moja.

Kule benchini, nje ya geti lililobaki wazi, Kinyozi akajikuna.

— Na mimi mchana, shemeji. Nilimwonea huruma Fundi.

— Mimi jioni, alisema Spika, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo.

Mstaafu akawa anatafuta miwani iliyokuwa puani.

— Mimi usingizi hauji, shemeji. Alfajiri ndoo mbili tu.

Mke wa Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

— Mtarakwa unataka jua na udongo usiotuamisha maji. Nyinyi mmeupenda mpaka mkauzamisha!

Akakwangua tawi kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa kijani kibichi, na Fundi akashusha pumzi.

— Haya, wanaume wanne wazima, nani kati yenu aligusa udongo kwanza kuona kama mti una kiu?

Fundi akaenda kutafuta koleo na mchanga, na wenzake wote wakanyanyuka kumfuata, wakiziacha kahawa zao zipoe.