Mtoto Asiye na Kosa

IWAO: Haloo! Nani mwenzangu?

CHIZURU: Shikamoo, Mzee Iwao. Ni mimi Chizuru, mkwe wa marehemu Tokuzo —

IWAO: Nani?

CHIZURU: Chizuru! Wa nyumba ya juu!

IWAO: Aa, Mama Kotone. Marahaba. Usipige kelele, nasikia. Ni hii theluji, ikizidi simu inakwaruza. Hamjambo huko?

CHIZURU: Hatujambo. Nyie je?

IWAO: Tupo. Mgongo haupo, lakini sisi tupo.

CHIZURU: Pole sana. Mzee, nimepiga kwa ajili ya tarehe thelathini na moja. Mambo ya Namahage, yale mazimwi yanayopita nyumba kwa nyumba kutisha watoto.

IWAO: Ndiyo.

CHIZURU: Nasikia kamati ni wewe tena.

IWAO: Kamati ni mimi na daftari. Mazimwi mwaka huu ni Daisaku wa kituo cha mafuta na shemeji yake. Huyo shemeji ana sauti ya mtu anayeuliza njia. Nimempa wiki moja ajifunze kunguruma.

CHIZURU: Na wewe mwenyewe? Miaka yote mlikuwa wewe na baba mkwe.

IWAO: Mgongo.

CHIZURU: Haya. Sasa kwetu watafika saa ngapi, niwaandae watoto?

IWAO: Kwenu hawafiki.

CHIZURU: Mzee —

IWAO: Sheria unaijua. Nyumba iliyofiwa mwaka huu, zimwi haliingii. Sikuitunga mimi. Tokuzo mwenyewe alikuwa akinikumbusha kila Desemba, na kidole juu.

CHIZURU: Najua sheria! Kadi za mwaka mpya hatukutuma. Tawi la msonobari mlangoni hatuweki. Hekaluni hatuendi. Hata kusema heri ya mwaka mpya haturuhusiwi. Watoto wana likizo ya wiki mbili na kazi yao ni kuitazama hita ya mafuta ya taa.

IWAO: Hita nzuri ile.

CHIZURU: Nakuomba kitu kimoja tu. Waje wamlize mwanangu.

IWAO: Yule mdogo, Minato?

CHIZURU: Minato analia bila msaada. Nasema Kotone.

IWAO: Kotone ana miaka minane, mtu mzima yule. Haya, ngoja nichukue daftari la makosa. [karatasi zinafunuliwa] Sijakubali, naandika tu. Kosa lake?

CHIZURU: Hana.

IWAO: Mtoto asiye na kosa hajazaliwa. Mwaka jana hapa imeandikwa, "anaficha karoti ndani ya soksi."

CHIZURU: Siku hizi anazila.

IWAO: Zote?

CHIZURU: Zote. Analala saa mbili kamili. Asubuhi anakunja godoro lake na la mdogo wake. Krismasi tumekata keki, stroberi yake akampa Minato.

IWAO: Kampa?

CHIZURU: Bila kuombwa.

IWAO: Hiyo mbaya.

CHIZURU: Ndiyo nakwambia! Tangu Juni hajadondosha chozi hata moja. Siku ya mazishi alikuwa anagawa chai. Mwalimu ananipongeza, majirani wananipongeza, na mimi naogopa, Mzee. Alikuwa hambanduki babu yake, na sasa anaishi kama karani. Namwambia, lia mama, lia tu. Ananiuliza kama nimechoka.

IWAO: Na Yasunori anasemaje?

CHIZURU: Mume wangu anasema sheria ni sheria, halafu anakwenda kupiga theluji koleo. Ameshalisafisha paa mara tatu wiki hii. Halina kitu.

IWAO: Sasa zimwi likifika litamwambia nini? "Wewe unayekula karoti, nitakupeleka mlimani"? Tutaonekana wahuni.

CHIZURU: Limtishe tu. Akianza kulia kwa woga, na yale mengine yatafuata. Sina njia nyingine, nimeshamaliza zote.

IWAO: [mkwaruzo] — ya nyumba.

CHIZURU: Umesemaje? Inakatika!

IWAO: Nasema sheria ni ya nyumba. Mtoto si nyumba. Mlete kwangu. Mke wangu Kinue atapika tambi za kufungia mwaka, mazimwi yakifika yatamkuta amekaa.

CHIZURU: Kweli, Mzee?

IWAO: Tatizo moja. Zimwi likimvuta mtoto, mwenye nyumba ndiye anayemtetea. Mimi miaka arobaini nimevuta. Kutetea sijawahi.

CHIZURU: Utaweza.

IWAO: Shemeji yake Daisaku naye nilimwambia hivyo hivyo.

CHIZURU: Asante, Mzee, Mungu — ngoja. Ngoja kidogo. Kotone, si sasa, mama yuko — Anataka kukusalimia.

IWAO: Mpe.

KOTONE: Shikamoo, Babu Iwao. Mwaka mzima mmetutunza vizuri. Mwakani pia tunaomba mtutunze.

IWAO: Marahaba. Umekuwa diwani?

KOTONE: Hapana. Nina swali. Kile kinyago chekundu atavaa nani?

IWAO: Kinyago gani tena? Mazimwi yanatoka mlimani, mjukuu wangu, yana sura zao —

KOTONE: Babu alikuwa anavua viatu.

IWAO: Viatu?

KOTONE: Zimwi linapiga mlango, linanguruma, halafu linavua viatu vyake vya nyasi na kuvipanga vizuri. Wewe uliingia navyo. Mama alipiga deki.

IWAO: Nilimwambia. Kila mwaka nilimwambia, Tokuzo, zimwi halivui viatu. Akasema kwenye nyumba yake mwenyewe hawezi, miguu inakataa. [kikohozi] Mama yako anajua kwamba unajua?

KOTONE: Hapana. Anafurahi nikiogopa. Kwa hiyo atavaa nani?

IWAO: Hakuna. Kipo sandukuni. Daisaku nimempa cha bluu.

KOTONE: Sawa. Na viatu vya nyasi?

IWAO: Hivyo nasuka mimi, kila mwaka vipya.

KOTONE: Umeshasuka?

IWAO: Nimeshasuka. Jozi tatu.

KOTONE: Mazimwi ni mawili.

IWAO: Ndiyo.

KOTONE: Ya tatu ya nani?

IWAO: Ya babu yako. Mikono ilisuka tu. Nilipofunga fundo la mwisho ndiyo nikakumbuka.

KOTONE: [kishindo cha simu]

IWAO: Kotone? Haloo? Imekatika? Haloo!

CHIZURU: Mzee! Umemwambia nini huyu? Ameangusha simu, amekaa chini hapa —

IWAO: Sikunguruma. Naapa sikunguruma.

CHIZURU: Analia! Mzee, analia! Anamwita babu yake!

IWAO: Kwa sauti?

CHIZURU: Kwani husikii?

IWAO: Nasikia. Mshike. Usimnyamazishe.

CHIZURU: Simnyamazishi. Njoo, mama, njoo hapa. Jamani, miezi sita... Mzee, sijui hata niseme nini.

IWAO: Usiseme. Thelathini na moja mlete vilevile, saa kumi na mbili. Ale tambi. Mazimwi nitayaambia huyu ameshalia, yapite.

CHIZURU: Nitamleta. Na wewe, Mzee? Uko salama? Mbona kimya?

IWAO: Nakata sasa.

CHIZURU: Ghafla hivyo?

IWAO: Kinue ameenda sokoni, atarudi baada ya nusu saa. Hiyo nusu saa naihitaji. Haya, binti yangu, kwaheri, kwaheri —

[simu imekatwa]