Nusu Uwanja wa Rodion Yefimovich Shabalin (1951–2024)

Marehemu Rodion Yefimovich Shabalin alizaliwa tarehe 11 Novemba 1951 mjini Tulmensk, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha boila. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa Yefim Shabalin, fundi wa kuchomelea vyuma, na mkewe Agrafena. Ukisimama kwenye dirisha la jikoni kwao uliliona goli la kusini la uwanja wa Kotelshik, timu iliyoanzishwa na mafundi boila wenyewe mwaka 1936 na kupewa jina la kazi yao. Mama yake alisimulia mpaka uzeeni kwamba mtoto huyu alijua kusema “goli” kabla ya kusema “mama”, na kwamba jambo hilo halikumfurahisha hata kidogo. Wasifu huu unasomwa na bintiye, Taisiya. Ndugu wamemwomba asome kwa upole, naye ameahidi kujaribu.

Marehemu alisoma Shule Namba 4 kuanzia mwaka 1959, kisha akaingia chuo cha ufundi cha kiwanda na kuhitimu uchomeleaji mwaka 1970. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mkia. Walimu walilalamika tu kwamba kila majira ya kuchipua alitoroka siku moja, na siku hiyo hata wao hawakuwepo. Wakubwa mnaijua siku yenyewe. Kabla ya mechi ya kwanza ya kila mwaka king'ora cha kiwanda kililia, na mji mzima ukaenda uwanjani na mabeleshi kuondoa theluji. Mkurugenzi alichota bega kwa bega na mfagizi wake, na aliyebaki nyumbani alitazamwa vibaya dukani mpaka kiangazi.

Alijiunga na Kotelshik mwaka huo huo wa 1970 akiwa beki wa kulia, na alivaa jezi nyekundu na nyeusi mpaka alipostaafu mwaka 1984, saba kati ya misimu hiyo akiwa nahodha. Hakuwa na mbio, ila alikuwa na kiwiko, na washambuliaji wa mikoa mitano walikifahamu. Aprili 1979 yeye ndiye aliyekuja na wazo kwamba watu wanajichosha bure na mabeleshi, kwa kuwa jiko la kiwanda limejaa majivu, na majivu meusi hulivuta jua na kuyeyusha theluji haraka. Malori yakamwaga majivu. Kweli, theluji ikayeyuka kwa siku mbili, lakini ardhi chini yake ilikuwa bado barafu, maji hayakuwa na pa kwenda, na mechi ikachezwa ndani ya uji mweusi. Kufika mapumziko, wageni waliokuja na jezi nyeupe hawakuwa na tofauti na wenyeji. Dakika za mwisho nahodha wetu alimwona mwenzake amebaki peke yake, akampa pasi safi, na akamhimiza kwa sauti kubwa, “Piga!” Jamaa akapiga. Hakuwa mwenzake. Tulifungwa moja bila, na tangu siku hiyo mtu akiharibu jambo Tulmensk huambiwa ametoa pasi ya majivu. Marehemu alicheka kuliko wote, halafu akaapa kwamba uwanja ule hautaguswa tena na majivu wala trekta, ila beleshi na mkono wa mtu.

Tarehe 26 Juni 1976 alifunga ndoa na Klavdia Mironovna, mpishi wa kantini ya kiwanda, ambaye hakupenda mpira siku ile na hajaupenda hadi leo. Harusi ilikuwa asubuhi na mechi ilikuwa alasiri. Bwana harusi alitolewa nje kipindi cha kwanza kwa kumkwatua mtu, na watu wakasema alijitafutia mwenyewe ili awahi pelmeni, vile vidonge vya unga vyenye nyama ndani, zikiwa za moto. Mungu aliwajalia watoto wawili, Timofei mwaka 1978 na Taisiya mwaka 1982. Ilikuwa ndoa ya kelele na ya upendo. Mama alimfulia jezi miaka yote ile huku akiilaani kila moja.

Baada ya kustaafu marehemu alifundisha timu ya vijana, na maisha yake tangu hapo hayatenganishwi na ya klabu. Alikuwepo Kotelshik ilipopanda daraja la pili mwaka 1992, watu wakalia barabarani. Alikuwepo mwaka 1997 kiwanda kilipokosa mishahara kikawalipa wachezaji masufuria, na golikipa akasimama stesheni akiwauzia abiria. Alikuwepo tuliposhuka mpaka ligi za kucheza mbele ya mbuzi, na alikuwepo mwaka 2009 tuliporudi daraja la pili kwa miguu yetu wenyewe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Timu hii haikubebwa na mtu.

Halafu mwaka 2015 akaja mfadhili kutoka mji mkuu wa mkoa, na Tulmensk, mji wenye akili zake timamu, ukampokea kwa mkate na chumvi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alipaka rangi viti. Miaka minne baadaye, timu ikiwa nafasi ya nne na tukianza kuota daraja la kwanza, alitangaza kwamba uwanja wetu ni mdogo na mji wetu uko mbali. Akaihamisha timu kwenda kwao, akaibadili jina, na jezi akaifanya ya buluu. Jina hilo jipya halitaandikwa kwenye karatasi hii. Kwenye mechi ya mwisho marehemu alimfuata yule bwana mpaka kwenye gari lake na kumwambia maneno haya, ambayo wengi wenu mliyasikia: “Jina mmechukua, nyasi mmeziacha. Basi nyasi ni zetu.”

Mfadhili hakuzisahau nyasi. Uwanja ni mali ya manispaa, na haikupita hata nusu mwaka kabla ya manispaa kutoa sharti kwamba uwanja usiochezewa mechi hata moja kabla ya Machi kwisha utahesabiwa umetelekezwa na utauzwa, na mnunuzi mnamjua. Waliotunga sharti hilo wamezaliwa hapa hapa. Wanajua theluji ya Tulmensk haitoki kabla ya katikati ya Aprili. Kwa hiyo kila Machi, tangu 2020, Rodion Yefimovich aliita watu na mabeleshi, uwanja ukasafishwa, wastaafu wakacheza na watoto, na karatasi ya mwamuzi ikapelekwa manispaa. Mwaka wa kwanza mlikuja mia tatu. Mwaka jana mlikuja arobaini.

Mwaka 2021 marehemu aligundulika na ugonjwa wa moyo, na daktari akamkataza kabisa kubeba vitu vizito. Mama alificha beleshi nyuma ya pipa la kabichi, lakini marehemu akalipata. Timofei, ambaye aliondoka na timu na sasa anafundisha vijana wa buluu huko kwao, alipiga simu tarehe 2 mwezi huu.

“Baba, liache hilo shamba la theluji. Hakuna klabu hapo. Litakuua.”

“Klabu ipo,” marehemu alimjibu. “Inakosa mtu wa kusaidia kuchota.”

Akakata simu, na hawakuzungumza tena.

Jumamosi tarehe 9 Machi alifika uwanjani asubuhi. Waliomfuata walikuwa saba, bintiye akiwemo. Walianzia goli la kusini. Saa saba mchana walifika mstari wa katikati, na kila walipotaka kupumzika marehemu aliwauliza kama wamekuja kuchota au kupiga picha. Kisha akaona rundo la theluji limewekwa karibu mno na mstari wa pembeni, akakasirika.

“Nani kaweka lile pale? Likiyeyuka litamwaga maji ndani. Lihamisheni.”

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa asubiri lihamishwe. Hakuinuka tena. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Sasa, upole. Taisiya amejaribu, ndugu zangu, na umefika mwisho wake. Leo tarehe 11 mmejaa hapa mpaka makaburi ya jirani yanakanyagwa. Mmevaa skafu nyekundu na nyeusi mlizozitoa masandukuni, mnalia, mnasema alikuwa roho ya Tulmensk. Juzi mlikuwa wapi? Mlikuwa mbele ya televisheni mkiitazama timu ya buluu, mnajidanganya kwamba bado ni yenu. Mtu wa miaka sabini na mbili mwenye moyo mbovu amesafisha nusu uwanja, na mji wa watu elfu thelathini umemletea maua.

Klabu ya mfadhili nayo imeleta shada kubwa kuliko yote, lenye utepe wa buluu. Mama aliuchukua mkasi wa jikoni akaukata utepe. Maua aliyaacha. Alisema maua hayana kosa.

Marehemu ameacha mjane, Klavdia Mironovna, bintiye Taisiya, wajukuu wawili, na mwanawe Timofei Rodionovich, ambaye amesafiri usiku kucha na amesimama pale nyuma peke yake. Timofei, kaka yangu, sogea mbele. Hapa hakuna atakayekupiga. Baba hakukulaani, alisema tu inakosa mtu, na alikuwa anamsema mtu mmoja. Beleshi lake liko kwenye gari, na Mama amesema lisishikwe na mwingine.

Familia inatangaza kwamba matanga yatafanyika uwanjani, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Blini, chapati zetu nyembamba za matanga, zimeshapikwa na vodka ipo. Lakini Klavdia Mironovna, ambaye hajawahi kutazama mechi mpaka mwisho, ameketi na funguo za jikoni mfukoni, na anasema hakuna atakayepakuliwa chochote mpaka theluji iondoke mpaka goli la kaskazini. Majivu marufuku. Mechi ni Jumamosi tarehe 16, wastaafu na watoto, na jezi ya beki wa kulia haitavaliwa na mtu. Tutaanza na lile rundo la karibu na mstari, maana bado liko pale pale.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi tuna nusu uwanja.