Mama Friza na Damu Isiyosomwa

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi katika shirika letu, mratibu wetu wa sampuli anastaafu leo, Ijumaa, tarehe thelathini Juni. Jina lake lipo kwenye mkataba wa kazi, lakini ukimtafuta kwa jina hilo hapa ofisini utazungushwa mpaka uchoke. Ulizia Mama Friza, na hata mlinzi wa getini atakuonyesha mlango. Kamati ya sherehe imeniagiza mimi niandike wasifu huu, tena kwa uchangamfu, kwa kuwa ndiye niliyekaa naye chumba kimoja muda mrefu kuliko wote. Nitajitahidi, ila nikishindwa wasinilaumu.

Alianza kama karani wa mapokezi, na hakuja hapa kwa kubahatisha. Mdogo wake wa kiume, fundi redio aliyesifika mtaa mzima, alikuwa ameanza kusikia watu wakimsema hata redio zote zikiwa zimezimwa. Ndugu wakawa na yao ya kusema. Wako waliosema amelaaniwa, wako waliosema ni uvivu, na shangazi mmoja akashikilia kwamba ni mke ndiye aliyemharibu. Fundi mwenyewe, siku alizokuwa na nafuu, alisema maneno ambayo dada yake aliyabeba kwenye kila kikao alichoingia: "Redio ikikoroma huipigi makofi. Unaifungua, uone kilichoachia ni nini."

Kwa wageni wasiotujua, hiyo ndiyo kazi yetu. Tunawasumbua wakubwa na wanasayansi mpaka wakubali kwamba ugonjwa wa akili una makao mwilini, kwenye damu, kwenye ubongo, kwenye vinasaba, na kwamba unastahili kutafitiwa kama yanavyotafitiwa maradhi ya moyo na kisukari. Mama Friza alikuwa na kipaji cha kusumbua. Mkubwa mmoja alifikia hatua ya kutokea mlango wa nyuma kila alipomwona kwenye korido. Mama akahamia mlango wa nyuma, akamsubiri huko na kikapu chake cha kufuma.

Wanasayansi walipotuambia kwamba hawana sampuli za kutafiti, alisema basi tutawatafutia. Friza likaletwa, likasimamishwa kati ya meza yangu na dirisha, nami nikapata jirani anayeunguruma kutwa. Yeye na muuguzi wetu wakapita nyumba kwa nyumba wakiomba damu za wagonjwa. Fundi redio ndiye wa kwanza aliyekunja mkono wa shati. Tangu hapo kila akija kumtembelea dada yake alikuwa anaweka kiganja kwenye mlango wa friza, kisha anauliza, "Bado hawajanisoma?" Dada anajibu, "Bado, ila watakusoma." Fundi anatikisa kichwa, anaomba chai.

Yapo ya kuchekesha pia. Siku moja Mama Friza alikuwa anamsalimia mgeni wa heshima, mkono umo ndani ya mkono, taa zikacheza. Aliuacha mkono wa mgeni hewani, akatimua mbio kwenda kwenye jenereta, friza lisije likazimika. Namba ya fundi wa jenereta aliihifadhi kwenye simu yake kwa jina la "Mpenzi" ili ampate haraka umeme ukikatika usiku, na mumewe, mtu wa utani, alikuwa anaipokea simu hiyo kwa heshima zote na kumuuliza mwenzake mahari ataleta lini. Kuna na mfanyakazi mpya aliyetia chupa yake ya maji ndani ya friza ipoe. Mama Friza aliitoa, akaifuta, akamrudishia kwa upole uliotutisha sote. "Humo mna watu, mwanangu," alimwambia.

Kisha akaja profesa. Tulikuwa tumemsubiri kwa hamu, tumedeki mpaka nyuma ya makabati. Akavaa glovu, akafungua friza, akatazama vichupa safu kwa safu, akasifu usafi. Halafu akauliza, "Na wazima wako wapi?" Kwa mapenzi yetu yote kwa wagonjwa, tulikuwa tumekusanya damu za wagonjwa peke yao. Hatukuwa na hata tone la ndugu zao wazima, na bila hilo profesa hakuwa na cha kulinganishia. Mama Friza alikaa chini kwenye kigoda. Mdogo wake, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaangua kicheko. "Dada, hata mimi ningekuuliza hivyohivyo."

Mama Friza akaanza upya, na safari hii ilikuwa ngumu zaidi. Mgonjwa hana la kupoteza, lakini kaka yake mwenye kazi nzuri analo, na dada yake mwenye mchumba analo. Wengine walijificha chumbani wakatuma watoto waseme hawapo. Walichoogopa ni kuambiwa kwamba na wao wanao ugonjwa huo. Ndipo alipokula kiapo chake, akakirudia katika kila sebule aliyokaribishwa: damu ikiingia kwenye friza lile haitampata mwajiri, wala mchumba, wala ndugu yeyote. Itatoka kwa njia mbili tu, kwenda maabara au kwenda kwenye tanuri la kuchomea taka la hospitali. Watu walimtazama usoni, wakamwamini, wakatoa mikono. Friza likajaa.

Hapa ndipo ningepaswa kuandika mafanikio. Profesa alihamishwa. Aliyemfuata hakutaka vitu vya mwenzake. Maabara moja ilisema ina mambo ya haraka zaidi, nyingine haikujibu kabisa, na mkubwa wa mlango wa nyuma akatueleza waziwazi, huku akinywa chai yetu, kwamba watu hawa wanahitaji kutulizwa, si kuchunguzwa. Nilitamani kummwagia hiyo chai. Mama Friza alimuuliza kama aongezewe sukari, na wiki iliyofuata akarudi mlangoni kwake. Alirudi mwaka baada ya mwaka. Nywele zake zilikuwa nyeusi alipoanza safari hizo.

Mwaka juzi fundi redio alifariki wodini. Dawa zake zilikuwa zimebadilishwa kwa mara nyingine, kwa kukisia, maana hakuna aliyejua ipi inamfaa na ipi itamwangusha. Kujua hilo ndicho tulichokuwa tunakiomba miaka yote. Baada ya msiba Mama Friza alirudi kazini, akaweka kiganja chake pale mdogo wake alipozoea kuweka.

Mwezi uliopita bodi iliamua kwamba sampuli zimezeeka mno na hakuna maabara itakayozipokea. Friza litazimwa leo na gari la hospitali litakuja kuzichukua zikachomwe. Mkurugenzi alimwita, akamuuliza angependa zawadi gani ya kuagwa. Mama Friza aliomba kichupa cha mdogo wake, akakifukie kaburini. Mkurugenzi, machozi yakimlengalenga, akaitikia palepale kwa kichwa. Lakini Mama alishafika mlangoni, akageuka. "Hapana," akasema. "Niliwaapia watu. Na yeye aende na wenzake." Kwa hiyo leo atapewa saa ya ukutani.

Ameomba jambo moja tu, alibebe mwenyewe sanduku la vichupa mpaka kwenye tanuri. Ratiba mliyonayo mkononi inasema atakwenda na dereva, sisi tukibaki kukata keki. Tumeibadilisha. Keki itasubiri, tunakwenda sote.

Mama Friza, ahsante kwa kila mlango uliogonga kwa ajili ya watu ambao hakuna mwingine aliyekuwa anawagongea. Mdogo wako alituuliza kila alipokuja kama tumeshamsoma. Mbele ya wote waliokusanyika hapa, jibu letu ni kwamba hatukumsoma. Tusamehe, dada yetu. Nenda kapumzike, na umeme ukikatika usiku wa leo, usiamke.