Msellem bin Ghanim na Bomba Ambalo Hakulifunga

Bismillahi Rahmani Rahim. Nyote mliokaa nasi katika sabla hii, ukumbi wetu wa matanga, siku tatu, familia inakushukuruni. Mimi ni Shihab, mdogo wake marehemu. Maisha yake nimeyaandika mwenyewe, kwa sababu mengi mmeyasikia kwa mtu asiyekuwa na haki ya kuyasema.

Marehemu Msellem bin Ghanim alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, Vikokotoni, Unguja, wa kwanza kati yetu wawili. Alisoma huko mpaka darasa la saba. Mwaka 1973 tulihamia Maskati na mama. Jioni alisoma Matrah, mchana akajifunza kuchomelea vyuma.

Mwaka 1986 alifungua karakana mtaa wa Ghala, huko huko Maskati, pamoja na rafiki yake Hisham. Walitengeneza mabomba ya kutolea moshi, ya matanuri ya mikate na majiko ya halwa. Marehemu hakuwa mtu wa kubahatisha. Hakukata bati kabla ya kupima joto la moshi utakaopita humo.

Alimwoa Bi Nasriya tarehe 4 Juni 1988. Siku moja alifungua oveni atie kipimajoto, mkate wa kumimina ukiwa ndani. Bi Nasriya akamwambia, "Basi kakioe hicho kipimo, kikupikie!" Kaka alicheka mpaka akakaa chini, na mkate ukashuka. Wakaula hivyo hivyo.

Mwaka 2019 familia moja ya Jabal Akhdar, huko milimani ambako baridi si mchezo, ilileta boila ya makaa ya mawe ya kupashia nyumba joto. Kaka alipima moshi wake: digrii mia tatu na arobaini. Akaagiza bomba la chuma kisichoshika kutu, lenye kuta mbili. Alumini ni ya moshi wa gesi. Haihimili joto hilo, na salfa ya makaa huitafuna. Kisha akaenda Umra, akamwachia Hisham kazi ya kulifunga.

Hisham akafunga la alumini lililokuwa limelala karakanani. Januari 2020 likatoboka, moshi ukajaa chumbani, na Bi Hamdiya, mama wa nyumba ile, hakuamka. Hisham akaapa mbele ya watu kuwa bomba lile alilichagua Msellem. Mkaamini. Wengine wenu mliacha hata kumpa mkono, na mnajijua.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2022. Januari mwaka huu alilazwa. Hisham akaja kumtazama, nami nipo pale nammenyea kaka chungwa.

"Msellem, ndugu yangu, mie ndiye niliyebadilisha lile bomba. Nnakuomba unisamehe."

Kaka akamtazama sana. "Kawambie watu, kama ulivyowambia mwanzo. Ukishasema, nshakusamehe. Usiposema, tutaonana mbele ya Mola."

Kaka alingoja siku kumi na tisa, kila asubuhi akiniuliza kama Hisham keshasema. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya Alasiri. Hisham alikuwa hajawaambia watu kitu.

Ameacha mjane, Bi Nasriya; watoto, Badr, Aya na Ibtihal; wajukuu watano; na mimi.

Ni ada jamaa kusimama na kusema kwamba marehemu amewasamehe wote, nanyi msameheni. Basi msameheni. Yeye naye kawasamehe wote isipokuwa mmoja. Jana Hisham alininong'oneza nimsamehe kwa niaba ya kaka. Haki ya mja haina wakala. Najua kumfedhehesha mtu matangani si adabu. Nimeghadhibika, na leo adabu nimeiacha nyumbani.

Karatasi hizi ninazosoma tumechapisha mia tatu, na baadhi zimeshapelekwa Jabal Akhdar kwa watu wa Bi Hamdiya. Kaka yangu Mola ampe mapumziko mema, na kaburi lake liwe na nafasi. Kipaza sauti nakiacha hapa mezani.

Hisham, tunakusikiliza.